Siku Mbili Bila Mdomo

Kama wiki iliyopita safu yangu gazetini ilikupita, usihangaike. Hasara zangu ni nyepesi kusimulia. Mume aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, akasema anakwenda kuyapumzisha masikio. Kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ninachokisimamia, nimepewa barua ya onyo kwa kumfunika muuguzi mkuu kichwani kwa shuka lililoloa. Na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, amehamia kwa mdogo wangu. Huu ni mwezi wa nane tangu ahame.

Mume simtaki. Barua nitaijibu. Binti yangu nataka arudi nyumbani.

Aliondoka kwa sababu ya neno moja. Eti nilimwambia mdogo wangu kwamba najuta kumzaa. Sikumbuki kulisema. Lakini mdomo wangu naujua, nimeshasema makali kuliko hilo, kwa hiyo hata kukana sikukana. Mwizi wa kuku akisingiziwa bata, atamlilia nani?

Basi mdogo wangu akaja na ujumbe.

"Dada, amekubali kukuona."

"Lini?"

"Jumapili. Ila ana sharti."

"Mtoto niliyembeba tumboni mimi, leo ananiwekea masharti?"

"Unaona sasa? Hata sijamaliza."

Nikanyamaza.

"Kuna mahali Wabudha wanafundisha watu kutulia. Unaingia Ijumaa jioni, unatoka Jumapili mchana. Hakuna kuongea. Anasema ukimaliza bila kutoa neno hata moja, atakuja kukupokea getini yeye mwenyewe. Ukitoa neno, basi, usimsumbue tena."

"Na nani atamwambia kama nilinyamaza?"

"Mimi. Tutakwenda wote."

Niwaambie kuhusu mdogo wangu. Ni mkutubi, anaishi kwa kunyamazisha watu maktabani. Tangu utotoni, mimi nikivunja kikombe nilisikika mtaa wa pili. Yeye akivunja, kilikutwa tu kimevunjika.

Tukaenda.

Mahali penyewe ni nyumba ya ghorofa moja yenye bustani mbele. Ukumbi una sakafu ya mbao, mito ya kukalia imepangwa safu nne, na mbele kuna sanamu ya Budha aliyefumba macho nusu. Nilimtazama magoti yalivyokunjwa. Nikajua kabla sijakaa kwamba mimi na yeye hatutafanana.

Mhudumu, mwanamke mrefu mwenye soksi nene, alitusomea kanuni. Simu zinakusanywa. Kengele ikilia, kimya, mpaka kengele ya Jumapili saa sita. Atakayeongea atarudishwa nyumbani. Tusiseme uongo, tusichukue tusichopewa, tusiue kiumbe chochote, hata mbu.

"Na mbu naye amesomewa?" nikauliza.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la mwisho kabla ya kengele, nami nasikitika kwamba halikuthaminiwa.

Kisha akatuonyesha masanduku mawili mlangoni. Mwenye jambo la siri aandike karatasi, aitie kwenye sanduku la kijivu. Mwalimu ataisoma peke yake. Mwenye swali la watu wote atie kwenye jeupe. Litasomwa ukumbini Jumamosi alasiri, bila jina.

Mdogo wangu hakuyasikia hayo. Alikuwa nje anapiga simu ya mwisho kabla simu hazijakusanywa. Nilimwona kupitia dirishani, anatikisa kichwa, anatabasamu, anamwambia binti yangu habari zangu.

Nilimchukia. Naandika kama nilivyohisi.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Mwalimu alikuwa mtawa, mwanamke wa miaka sitini hivi, kichwa amekinyoa, uso umenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi.

"Hesabu pumzi zako," akasema. "Moja mpaka kumi. Ukipotea, anza tena. Usijigombeze."

Nikafika tatu, nikamkumbuka muuguzi mkuu. Nikaanza tena. Nikafika mbili, nikamkumbuka mume wangu na ule mswaki aliousahau. Nikaanza tena. Moja. Pembeni yangu alikaa daktari wa meno, bwana mnene mwenye pua ya filimbi. Anavuta, fiii. Anatoa, fooo. Nikajikuta nahesabu pumzi zake badala ya zangu, nazo nikafika kumi bila kukosea.

Miguu ikafa ganzi. Mbu akaja. Nikamtazama akishiba kwenye mkono wangu, halafu akaondoka taratibu kama mtu aliyetoka kwake.

Halafu mwalimu akatufundisha kuwatakia watu heri kimoyomoyo. Uanze na umpendaye, uende kwa usiyemjua vizuri, umalizie kwa adui yako. Kwa mpendwa nilimweka binti yangu. Kwa nisiyemjua vizuri nilimweka daktari wa meno. Kwa adui foleni ilikuwa ndefu mno, kengele ikalia kabla sijachagua.

Tukitoka kwenda kula, nikamwona mdogo wangu anatumbukiza karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwenye sanduku jeupe.

Nikashangaa. Huyu si mtu wa kuuliza mbele za watu. Nikajisemea, labda magoti yamemshinda na yeye. Nikafurahi kidogo.

Saa tisa alasiri tulirudi ukumbini. Mwalimu alikuwa na sanduku jeupe mapajani. Akachomoa karatasi ya kwanza. Mtu aliuliza afanye nini usingizi ukimjia. Ya pili, mtu aliuliza kama inaruhusiwa kukaa kwenye kiti. Nilimtambua mwenye swali hilo kwa pumzi aliyoishusha.

Akachomoa ya tatu, iliyokunjwa mara nne. Akaisoma kwa sauti ileile moja aliyosomea nyingine.

"Mwalimu, nilimtungia ndugu yangu neno ambalo hakulisema. Nilimwambia mwanawe kwamba mama yako amesema anajuta kukuzaa. Mtoto alihama siku ileile. Nilifanya vile kwa sababu alikuwa anasinyaa mbele ya macho yangu. Akisikia funguo za mama yake mlangoni, alizima redio, akajikunja. Alihitaji sababu ya kuondoka, nami nikampa. Sasa ana raha. Ndugu yangu mwenyewe anaamini kwamba alilisema, kwa sababu ana mdomo. Je, nikiendelea kunyamaza..."

Hapo mwalimu akasita. Akaigeuza karatasi. Akaikunja.

"Naomba radhi," akasema. "Hii ilikuwa ya sanduku lingine. Aliyeiandika aje kwangu tukimaliza."

Ukumbi ulikuwa kimya, kama unavyotakiwa kuwa. Hata pua ya daktari wa meno ilisimama.

Sikulisema! Miezi minane nimekula chakula changu peke yangu kwa neno nisilolisema. Miezi minane nimepita karibu na chumba chake nimeinamisha kichwa kama mkosaji. Nimemtumia salamu za kuomba radhi kupitia nani? Kupitia huyohuyo, kila Jumapili, naye akaniambia, "Vuta subira, dada, bado ana kidonda."

Nilijikuta nimesimama.

Mdogo wangu alikuwa safu ya mbele, shingo imeingia mabegani. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumfikia hapo alipokaa na kupita mpaka ukutani. Yalikuwa yameshajipanga. La kwanza lilikuwa kwenye meno.

Mhudumu akanitazama. Mwalimu akanitazama. Nami nikakumbuka ninachokidai mahali pale. Nikitoa neno moja, narudishwa nyumbani, na kesho binti yangu haji. Hakimu wa kesi yangu ni mwongo, lakini bado ni hakimu.

Nikakaa. Nikauma ncha ya shali mpaka nikasikia ladha ya sabuni.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha kutembea. Mnatoka bustanini, mnatembea polepole mno, unyanyue unyayo, uusogeze, uushushe, ukiusikiliza. Mdogo wangu alitangulia. Nikamfuata.

Sijui kama msomaji amewahi kumfukuza mtu kwa mwendo wa kinyonga. Alikuwa hatua kumi mbele yangu. Nikinyanyua, ananyanyua. Nikisogeza, anasogeza. Akili yangu inakimbia, miguu inakwenda kama ya mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Mhudumu amesimama kwenye baraza, mikono nyuma, anatuangalia. Kufika kwenye ukuta wa bustani kulituchukua karibu nusu saa. Katika nusu saa hiyo nilimwibia hatua nne.

Alipogeuka ukutani tukakutana uso kwa uso. Macho yake yamevimba. Akajua kwamba nimejua.

Nikamkanyaga kidole gumba. Polepole, kwa utulivu, nikiusikiliza unyayo wangu ukishuka.

Hakulia. Akanisubiri niondoe.

Hilo lilinikasirisha zaidi. Ningetaka anisukume. Badala yake nilibaki pale ukutani na lile jambo jingine la kwenye karatasi, lile la funguo. Nyumbani redio iko jikoni. Kweli, kila nilipoingia ilikuwa imezimwa. Mimi nilidhani binti yangu hapendi redio.

Jioni mdogo wangu aliingia chumbani kwa mwalimu, akakaa muda mrefu. Alipotoka hakunitazama. Ikaja Jumapili, na bado nilikuwa sijasema neno.

Asubuhi kila mtu hupewa kazi. Mhudumu alipitia orodha yake, akanionyesha kabati la mashuka, kisha akamwonyesha mdogo wangu palepale. Huenda alidhani anatufanyia wema, maana niliandika kwenye fomu kwamba ninafanya kazi ya kufua.

Anayejua kazi hii anajua kwamba shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili. Mnalivuta likaze, mnakunja kati, halafu mnakaribiana mpaka mikono igusane, mmoja apokee pembe za mwenzake. Kazini kwangu wanaochukiana siwapangi shuka moja. Hawakawii kulichana.

Tulikuwa na mashuka ishirini na sita.

La kwanza nililivuta mpaka akapepesuka. La pili akajiandaa, akavuta na yeye. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Kila tulipokaribiana nilimpa pembe bila kumtazama. Shuka la tano. La tisa. Mikono yake baridi. Alikuwa anakunja vibaya, na hilo pia sikuweza kumwambia, mjue mateso yangu.

Kwenye la kumi na tatu, mikono ilipogusana, hakuachia.

"Nisamehe, dada," akanong'ona.

Yeye ndiye aliyevunja kimya. Mkutubi! Mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilisimama mbele yake nimeubana, machozi yananitoka kwa hasira, nikalipokonya shuka, nikalikunja mwenyewe kifuani, nikachukua la kumi na nne.

Saa sita kengele ikalia. Mwalimu akatabasamu, akasema tunaweza kuongea, ila tuanze taratibu, kwa upole. Watu wakageukiana wakachekacheka. Daktari wa meno akaniambia, "Mama, ulikaa kwa utulivu mkubwa, nilikuwa nakuiga."

Sikumjibu. Sikutaka neno langu la kwanza limwangukie yeye. Nililiweka kwa ajili ya getini.

Alikuwepo. Amesimama kando ya gari la mama yake mdogo, amenyoa nywele zikabaki fupi, amenenepa kidogo, amependeza. Kifua changu kiliuma kumwona amependeza hivyo bila mimi.

"Mama mdogo," akauliza, "alinyamaza?"

"Alinyamaza," mdogo wangu akasema. "Neno moja hakutoa. Mimi ndiye niliyeshindwa."

Binti yangu akanigeukia. "Shikamoo, mama."

Nilitakiwa kuitikia marahaba. Ilikuwa imekaa tayari. Nikafungua mdomo.

"Sikulisema lile neno!"

Ndege waliruka kwenye ukuta.

"Sikulisema! Mwulize huyu! Mwulize alichoandika kwenye karatasi, kimesomwa mbele ya watu wote! Miezi minane umenihukumu kwa maneno ya huyu paka anayenyemelea!"

"Ni kweli," mdogo wangu akasema. "Mama yako hakulisema. Nililitunga mimi."

Nikasubiri. Tangu Jumamosi saa tisa nilikuwa naingojea dakika hii. Nilitaka amgeukie, amtoe jasho, halafu aje alie begani kwangu.

"Najua," binti yangu akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hukulisema. Nilijua siku ileile."

Mdogo wangu akaegemea gari. Daktari wa meno, aliyekuwa anapita na begi lake, alianza ghafla kutembea kwa ule mwendo wa bustanini.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Mama, wewe husemi mtu akiwa hayupo. Ungekuwa unajuta kunizaa ungeniambia mwenyewe, usoni, tena na mwiko mkononi."

Ilikuwa sifa, na mimi nikaipokea kama sifa. Nikasogea hatua moja.

"Sasa kama ulijua, uliondoka kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu ya neno ulilolisema kweli."

"Neno gani?"

"Nikikutajia utasema nimelikuza. Utasema ilikuwa utani, utasema siku hiyo ulichoka." Hakuwa amekasirika. Ningejua la kumfanya kama angekuwa amekasirika. "Litaje wewe. Ukilitaja, nitajua kwamba unajua. Begi langu liko kwenye buti. Narudi nyumbani leo."

"Lolote?"

"Hilohilo."

Dada yenu nikacheka kidogo. Nilidhani ni kazi rahisi.

"Ni lile la siku ya matokeo," nikasema. "Kwamba kichwa chako nilikizaa bure, bora ingebaki shingo tu."

Akatikisa kichwa.

"Basi ni lile la yule mchumba. Nilisema atakayekuoa atakuwa kipofu, na siku akifunguka macho atakurudisha."

Mdogo wangu akajiziba uso. Binti yangu akatikisa kichwa tena, taratibu zaidi.

Nilipokuwa nayasema hayo maneno, kila moja lilikuwa la siku yake, limekuja na kupita. Sasa yalikuwa yanatoka yamefuatana, na sikuyaona mwisho. Nikashika moja la zamani, la wakati alipolazwa hospitalini kwetu na mimi nimetoka zamu.

"Ni lile la wodini," nikasema. "Kwamba shuka likichakaa tunalikata matambara likasaidia kupigia deki, na wewe hata... hata hilo hufai."

Hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayeletewa barua ambayo hakuitarajia.

"Hilo," akasema, "nilikuwa nimelisahau."

Akaliangalia buti la gari. Akaniangalia mimi.

"Endelea, mama."